Mgonjwa Aliyepona kwenye Karatasi

Kule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali walimwita Pembe, na jina lilimkaa. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupokea shuka zinazotoka kwenye mashine ya kunyoosha, bado zina moto, na kuzikunja pamoja na mwenzake: huyu anashika ncha mbili, yule ncha mbili, wanakutana katikati, wanaachana, wanakutana tena. Shuka ikikunjwa upande aliitandua yote na kuanza upya. "Pembe kwa pembe," alikuwa akisema. "Mgonjwa asilalie makosa yetu."

Mwenzake alikuwa mwanamume mnene aliyeitwa Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Redio alianza kusema asubuhi akivua koti na alikuwa bado anasema jioni akilivaa: mpira, wakwe zake, bei ya saruji, jino lake la nyuma. Zamani Pembe alikuwa akimjibu, akimcheka, mara nyingine akimkatiza kabisa. Kisha, bila mtu kuweza kusema ni lini, akaacha kumkatiza. Mwanzoni Redio alifurahi. Alidhani hatimaye amepata msikilizaji.

Hakuna kilichokuwa kimetokea, na hilo ndilo lililowasumbua watu baadaye. Pembe hakufiwa, hakufukuzwa kazi, hakusalitiwa. Mkewe alikuwepo. Binti yao wa pekee alikuwa ameolewa na mtu mpole. Ni kwamba tu chakula kilianza kuwa laini au kigumu, kisiwe kitamu wala kibaya. Wimbo ukawa sauti. Akiamka alijua afanye nini, akafanya: kuoga, viatu, kazi. Hakuwa na huzuni. Angekuwa nayo angeitambua, maana huzuni alishawahi kuwa nayo, na huzuni ina uzito. Hii haikuwa na uzito wowote.

Mkewe alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwenye ulimi mkali na machozi ya karibu. Mwanzoni alistahimili kwa mizaha. "Jamani, mimi nimeolewa na kiti," aliwaambia rafiki zake, mumewe akiwa palepale. "Uzuri wake, ukikikalia hakilalamiki." Watu walicheka. Pembe naye alicheka, kwa kuwa wenzake walicheka.

Mizaha iliisha siku walipokwenda kumwona mjukuu. Mtoto alikuwa wa kike, wa siku tano, kichwa kimejaa nywele. Mkewe alimpokea, akalia, akamnusa shingoni, akampa jina la utani hapohapo. Kisha akamweka mikononi mwa mumewe. "Haya, babu. Mchumba wako huyo."

Pembe alimshika vizuri, mkono mmoja chini ya shingo. Akamtazama. Aliona pua, macho yaliyofumba, ukucha mmoja uliohitaji kukatwa. Akangoja. Alingoja kama mtu aliyefungua bomba, akijua kwamba mara nyingine maji huchelewa. Hayakutoka. Baada ya dakika moja hivi akainua macho na kuanza kutafuta mahali pa kumweka.

Mkewe aliyaona yale macho. Alisubiri mpaka walipokuwa njiani kurudi.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Ndicho ninachokuuliza. Mbona huna kitu?"

 Walitembea. Mkewe alikuwa analia bila kujifuta, na Pembe alijua kwamba mtu akilia kando yako unamshika bega, kwa hiyo akamshika bega.

Kwenye mlango wa kantini ya hospitali kulikuwa na tangazo: ushauri nasaha kwa wafanyakazi wote, bure, ghorofa ya tatu, chumba namba kumi na nne. Pembe alikijua chumba hicho kwa mapazia yake. Yalikuwa ya kijani, yalishuka kufuliwa kila baada ya miezi mitatu, na moja lilikuwa na doa la chai lililoshinda kila dawa. Alipoingia na kuketi, alilitafuta lile doa kwanza.

Mshauri alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, ndiyo kwanza ametoka chuoni. Mezani alikuwa na saa ndogo iliyomwelekea yeye, na boksi la karatasi laini za kufutia machozi ambalo alilisogeza upande wa Pembe hata kabla hawajaanza.

"Karibu sana, baba. Unajisikiaje leo?"

Pembe alifikiri. "Sijisikii."

"Hujisikii vizuri?"

"Hapana. Sijisikii. Basi."

Msichana aliandika. Kisha akampa karatasi yenye maswali tisa, kila swali lijibiwe kwa sifuri mpaka tatu. Je, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Tatu. Je, unaona uzito kuanza jambo? Tatu. Swali la mwisho liliuliza kama amewahi kuona heri asingekuwepo. Aliweka sifuri, na ilikuwa kweli. Hata hilo lilitaka mtu awe anataka kitu. Jumla ikawa ishirini na moja.

"Baba, kuna mtu uliyempoteza?"

Kila mtu wa umri wake amepoteza mtu. Pembe alitafuta, akampata baba yake, aliyeanguka kutoka kwenye jengo walilokuwa wakilipaka rangi, Pembe akiwa na miaka tisa. Akamtoa, kama mtu aliyedaiwa kitambulisho mlangoni naye hana, akatoa barua yoyote yenye jina lake.

"Ulilia?"

"Nililia sana."

"Lini?"

"Siku ileile. Na wiki yote ile."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nilirudi shule."

Msichana aliandika kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo walizungumza juu ya baba yake kila wiki. Pembe alieleza ngazi ilivyokuwa, rangi ilivyokuwa, nani alikuja kumwita darasani. Yote yalikuwa kweli. Ila kila akitoka mle chumbani alijiona kama aliyemuuza mzee wa watu kwa kitu kisichohusiana naye.

Msichana alimfundisha kupumua, jambo ambalo Pembe alikuwa akilifanya tangu azaliwe, lakini alikubali kuanza upya. Alimpa daftari dogo. "Kila jioni andika mambo matatu mazuri ya siku hiyo. Hata kama ni madogo." Pembe aliandika. *Chai ilikuwa ya moto. Mvua haikunyesha. Mashine ya pili imetengenezwa.*

Wiki ya nne, kwenye yale maswali tisa, mkono wake uliteleza, au ulichoka, akaandika mbili mahali pa tatu. Msichana alijumlisha. Akainua uso, na uso wote ulikuwa umewaka.

"Baba! Unaona? Unaona lakini?"

Pembe aliona. Alimkumbuka binti yake akiwa na miaka minane, siku aliyopika peke yake kwa mara ya kwanza. Chakula kilitoka kibichi upande mmoja na kimeungua upande wa pili, mtoto akasimama pembeni ya meza akimtazama mdomoni, naye baba mtu akala chote na kuomba kuongezewa. Kwa hiyo wiki ya tano aliandika mbili nyingi zaidi. Wiki ya sita akaingiza moja. Hakuona kama anadanganya. Aliona anakula kilichopikwa.

Wiki ya nane jumla ilikuwa nne. Msichana alimwonyesha mstari aliouchora kwa peni ya bluu, ukishuka kutoka ishirini na moja kama mtu anayeteremka ngazi kwa uangalifu.

"Baba, wewe ndiye mtu wangu wa kwanza kumaliza," alisema, na mikono yake miwili ilikuwa imeushika mmoja wa Pembe. Machozi yalimlengalenga. Ni yeye aliyechukua karatasi kwenye boksi.

"Asante sana, mwanangu," Pembe alisema. "Umefanya kazi kubwa."

Akashuka kurudi kwenye shuka zake, na karatasi ya kumaliza ushauri mfukoni.

Nyumbani mkewe alipika kama anayetarajia wageni. Alimpigia binti yao simu, akaongea kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Baba yako amepona! Wamempa na karatasi!" Ikabidi sasa Pembe apone na nyumbani pia. Alijifunza kucheka baada ya wengine kwa nusu sekunde tu, si zaidi. Alijifunza kuuliza swali moja wakati wa kula na kusema "Looh!" mahali panapofaa. Mjukuu alipoletwa alimrusha juu mara tatu, akahesabu, akamrudisha kwa mama yake. Jioni alikuwa hoi, mashavu yanamuuma. Kupona kulimchosha kuliko kuugua. Na ubaya wake, hapakuwa tena na mahali pa kulalamika. Mtu atarudije kulalamikia ugonjwa uliokwisha?

Aliendelea hivyo kwa miezi miwili. Halafu Jumatano moja, kabla ya chai ya saa nne, akasimama.

Hakuanguka. Alishika ncha mbili za shuka, Redio akashika zake mbili, Redio akaja mbele ili wakutane, na Pembe hakuja. Alisimama tu, shuka imening'inia kati yao. Nyuma yake mashine ilizidi kutema shuka nyingine, zikaanza kurundikana sakafuni.

"Kunja, bwana," Redio alisema. "We Pembe. Kunja."

Pembe aliisikia sauti. Alielewa kinachotakiwa. Ni kama agizo lilipelekwa mikononi na mikono ikawa haipo nyumbani. Na hapo Redio alifanya jambo ambalo wenzake wa chumba kile walilisimulia mwezi mzima. Alinyamaza. Akaizima mashine, akaja, akazichukua zile ncha kutoka mikononi mwa Pembe kidole kimoja kimoja, akamshika kiwiko na kumpeleka nyuma ya matangi ya maji ya moto, akamkalisha juu ya gunia la foronya.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ndogo ambayo Pembe hakujua kama anayo. "Mimi naongea sana, najua. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa ajili hiyo. Lakini kuona, naona. Wewe hujapona."

"Karatasi inasema nimepona."

"Karatasi inakunja shuka?"

Redio alimjua mshauri mwingine, mzee mwenye ofisi juu ya duka la viatu, mwalimu mstaafu anayesaidia watu wenye mawazo. Pembe alikwenda Jumamosi. Mzee yule alimkaribisha kwa heshima zote, kisha akaeleza maisha yake mwenyewe kuanzia utoto hadi kustaafu, akipumzika pale tu alipokohoa. "Mwanaume ni nguzo," alihitimisha. "Umewahi kuona nguzo inalia?" Pembe alisema hajawahi. "Basi!" mzee akasema, akasimama kumpa mkono. Njiani Pembe alihesabu maneno aliyoyasema yeye ndani ya saa ile. Yalikuwa kumi na moja.

Alijaribu na namba ya simu ya msaada iliyokuwa imeandikwa kwenye ukuta wa kituo cha mabasi. Mwanamke mwenye sauti nzuri alipokea na kila Pembe alipomaliza sentensi alisema, "Nakusikia." Simu ikakatika. Alipopiga tena akapokea mwanamume, akamwomba aanze mwanzo. Akaanza mwanzo. Ikakatika. Mara ya tatu alipopokea mtu mwingine kabisa, Pembe alisema, "Samahani, nimekosea namba," akaweka simu mfukoni. Hakukata tamaa, maana tamaa yenyewe hakuwa nayo. Aliona tu kwamba amejaribu, kama mtu aliyejaribu mlango akakuta umefungwa, akaendelea na safari zake.

Ni mkewe aliyefungua jambo hili upya, na hakulikusudia. Alikuwa anatafuta kipande cha chaki cha kuchorea kitambaa, akavuta droo ya mumewe, akakuta lile daftari dogo. Pembe aliporudi kutoka kazini jioni ile alishangaa kutosikia cherehani. Mkewe alikuwa ameketi mbele ya cherehani hiyo, sketi ya shule nusu imeshonwa bado iko chini ya sindano, daftari liko mapajani.

"Nimelisoma," alisema.

"Sawa."

"Lote. Kurasa zote." Akalifungua. "*Chai ilikuwa ya moto. Sabuni mpya ina povu. Lifti inafanya kazi.* Mambo matatu kila siku, siku hamsini na sita. Nimetafuta mtu. Hakuna hata mtu mmoja humu ndani, baba watoto. Mimi simo. Mtoto wetu hayumo. Hata Redio hayumo, na yule mtu hakosekani popote."

Pembe alisimama mlangoni, mfuko wa mkate bado mkononi. "Niliandika vitu rahisi."

"Mimi ni mgumu?"

"Kuandika chai ni moto si uongo. Nikikuandika wewe…" Alisita. "Ningekuandika, ingekuwa nakudanganya."

 Mkewe alilitazama daftari, akamtazama yeye. Alipozungumza tena ulimi wake haukuwa na ukali wowote. "Kumbe hukupona."

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Na yule msichana ulimwambiaje?"

"Nilimwambia alichokuwa anataka kusikia. Alikuwa anafurahi sana, mama watoto. Ungemwona."

"Kwa hiyo umemwonea huruma binti wa watu, umeniacha mimi nampikia mtu aliyepona." Aliinuka, akauchukua mfuko wa mkate, akauweka mezani. "Utarudi kwake Jumatatu. Utamwambia ukweli."

"Ataumia."

"Aumie. Mimi mbona naumia na sijafa?"

Jumatatu, saa ya mapumziko, Pembe alipanda hadi ghorofa ya tatu. Msichana alimpokea kwa furaha, akidhani amekuja kusalimia. Pembe hakuketi kwanza. Alikuwa amepanga maneno njiani, lakini yote yalipotea, akasema lililobaki.

"Zile namba nilikuwa nazipunguza mwenyewe."

"Namba gani, baba?"

"Zote. Tangu wiki ya tano. Ya nne niliteleza tu."

Tabasamu la msichana halikuondoka mara moja. Lilibaki usoni likiwa halina kazi. Alifungua kabati, akatoa faili, akaufunua ule mstari wa bluu na kuutazama kana kwamba utajitetea.

"Lakini habari za baba yako…"

"Zile ni za kweli. Ila si zenyewe."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi."

Alifunga faili. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi. "Nimelisimulia faili hili kwenye mafunzo," alisema. "Sikutaja jina. Nilisimama mbele ya watu ishirini nikasema, tazameni, inawezekana."  Saa yake ndogo ilisikika. Pembe alidhani sasa atalia, na akaanza kufikiria nani asogeze boksi. Lakini hakulia. Aliweka mikono juu ya faili, akasema, "Baba, sijui nifanye nini. Kila nilichofundishwa nimeshakupa."

Pembe akaketi. Katika wiki zote nane, hilo lilikuwa neno la kwanza mle chumbani alilolisadiki lote.

"Hata mimi sijui," alisema.

Msichana aliandika barua kwa daktari wa magonjwa ya akili, aliyekuwa akija pale Jumanne mbili kila mwezi. Bahasha hakuifunga, na Pembe aliisoma kwenye ngazi. Ilieleza umri wake na kazi yake. Kisha ilisema: *Ushauri haukumsaidia. Mgonjwa alikuwa akiniambia hali yake imekuwa nzuri, nami nilitaka sana kuamini. Nilichelewa kuona.* Chini alikuwa ameweka sahihi na jina lake kamili.

Wagonjwa wa daktari yule walikaa kwenye benchi refu koridoni, chini ya kibao chenye maneno Kliniki ya Akili kwa herufi ambazo hata mtu asiye na miwani angezisoma. Nusu ya hospitali ilipita hapo. Wauguzi ambao Pembe alikuwa akiwapelekea shuka walimwona, wakapunguza mwendo, wakaongeza mwendo. Alikuwa amekaa hivyo kama nusu saa benchi liliponesa, na Redio akawa ameketi kando yake, bado amevaa aproni.

"Unafanya nini hapa?" Pembe aliuliza.

"Mapumziko yangu. Nakaa ninapotaka." Redio alinyoosha miguu. "Tukiwa wawili watabaki kubahatisha mgonjwa ni nani. Na kwa sura hizi zetu, bwana, watanitaja mimi." Akaanza habari za mpira kwa sauti ya kutosha korido nzima.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye nywele za mvi zilizokatwa chini na simu iliyotetemeka mezani bila yeye kuitazama. Alimkalisha Pembe dakika kumi na moja. Aliuliza juu ya usingizi, uzito, pombe, ukoo. Akamwagiza apimwe damu, kwa sababu kuna tezi shingoni ambayo ikilegea humfanya mtu kuwa hivi. Tezi ilikuwa nzima. Mkewe alisikitika sana kusikia hivyo; tezi ingekuwa na dawa.

Vidonge vya kwanza vilimkausha mdomo na kumlaza usingizi wa saa kumi kila siku. Baada ya wiki sita alikuwa vilevile, ila mwenye kiu. Daktari aliongeza, wakangoja, hakuna. Akabadilisha.

"Na hivi vikikataa?" Pembe aliuliza.

"Vinaweza kukataa. Tutajaribu vingine. Ninachokuomba usiache ghafla na usiniambie umepona ili nifurahi. Barua uliyokuja nayo nimeisoma."

Chumba namba kumi na nne aliendelea kwenda kila baada ya wiki mbili, ingawa hakuna aliyemlazimisha. Msichana hakumpa tena karatasi ya maswali. Saa ndogo aliigeuza ikawa inawatazama wote wawili. Siku nyingine walikaa robo saa bila neno. Mwisho wa kila kikao alimuuliza swali lilelile: "Leo umenidanganya kitu?"

"Leo, ndiyo," Pembe alimwambia mara moja. "Nimesema mke wangu hajambo. Tumenuniana tangu juzi."

"Kwa nini mmenuniana?"

"Amenuna yeye. Mimi sina cha kununia." Akarekebisha. "Kwa hiyo hatujanuniana. Huo nao ni uongo."

Msichana alicheka kabla hajajizuia. Pembe alimtazama akicheka. Hakucheka naye, na msichana hakumsubiri acheke.

Ilikuwa mwezi wa tano wa vidonge, siku ya kuchukua dawa. Foleni ya dirisha la dawa ilikunja kona. Pembe alikuwa amesimama karibu saa nzima, na mbele yake walibaki watu watatu, wa kwanza wao mama mmoja mwenye mkono kwenye plasta ngumu. Mwanamume mmoja mwenye suti ya kijivu na viatu vya kuchongoka alitokea pembeni, akapitisha karatasi yake mbele ya yule mama, akaegemea dirisha kama kaunta ya kwake.

"Bwana, foleni inaanzia kule," Pembe alisema.

"Nina haraka, mzee."

"Huyu mama amevunjika mkono. Yeye hana haraka?"

"Mzee, usinipandishie presha. Dakika moja tu."

"Dakika moja ni yako? Umeinunua wapi?" Pembe aliisikia sauti yake ikigonga ukuta na kurudi. Watu waligeuka. "Ondoka hapo! Nasema ondoka! Una viatu vya kuchongoka akili butu!"

Foleni nzima ilicheka. Yule bwana alisema neno baya. Pembe alimrudishia baya zaidi, neno ambalo hakujua kwamba analijua, akajikuta ameikamata ile karatasi ya mwenye suti ya kijivu na kuirudisha kifuani mwa mwenyewe. Mtoa dawa alitoa kichwa dirishani. "Wazee, jamani! Hapa ni hospitali!" Mwenye suti akarudi nyuma ya mstari akinung'unika, na mama mwenye plasta akasogea mbele.

Pembe alipopewa dawa zake aliangusha pakiti, akaiokota, akaiangusha tena. Alitoka nje, akaketi kwenye ngazi za ukumbi wa wagonjwa wa nje. Moyo ulikuwa unampiga masikioni. Aliendelea kumjibu yule mtu kichwani, na kila jibu lilikuwa zuri kuliko lililotangulia. Ilimchukua muda kuelewa kinachompata. Akatoa simu.

"Nimegombana na mtu," alisema.

"Wapi? Umeumia? Amekupiga?" Cherehani ilikatika ghafla upande wa pili.

"Hapana. Aliruka foleni." Alimeza mate. "Nimekasirika, mama watoto."

 Kisha mkewe akauliza taratibu, "Umekasirika sana?"

"Sana. Mpaka sasa. Natamani arudi."

"Alikuwa amevaaje?"

Pembe alimweleza suti. Alimweleza viatu. Mkewe aliuliza alisema nini, naye akasema nini, na yule mama alisema nini, na watu walifanyaje. Pembe alimweleza yote, na alipofika mwisho mkewe akamwambia aanze tena pale kwenye viatu. Akaanza tena. Alisikia mkewe anacheka na kuvuta makamasi kwa wakati mmoja.

Haikudumu. Jioni alikula, na chakula kilikuwa laini. Kesho yake aliamka akatafuta ile hasira, hata kidogo tu ya kuanzia siku, akakuta pako tupu, pamefagiliwa. Alikwenda kazini, akakunja shuka mia mbili na arobaini. Alipomsimulia daktari, daktari aliandika mstari mmoja na kusema kipimo kiongezwe nusu. "Itakuja nyingine?" Pembe aliuliza. Daktari alisema hajui.

Ilikuja nyingine, wiki tatu baadaye, ndogo, kwa ajili ya mlango uliokuwa ukigongagonga kwa upepo. Alinyanyuka akaufunga kwa nguvu. Mkewe aliinua macho kutoka kwenye sindano, akaendelea kushona.

Jumanne ya kliniki alifika mapema. Alikuwa wa nne kwenye benchi.